Jenerali Wade na Barabara za Ngome za Uskoti

Kamati ya jarida hili ilipotoa mwito kwamba sisi tuliosoma hapa tuandike juu ya watu mashuhuri wa zamani ambao maisha yao yana funzo, nilijua kwamba wenzangu wengi watachagua wanasiasa, washairi na wanasayansi. Hilo ni jambo jema. Mimi nimemchagua mjenzi wa barabara. Sababu yake ni kazi yangu. Katika ofisi ya serikali ninamofanya kazi hupita majalada ya ujenzi na matengenezo, na kila masika yanapoanza meza yangu hujaa barua za barabara zilizokatika, nyingine zikiwa hazijatimiza hata miaka mitatu tangu zifunguliwe kwa ngoma na hotuba. Mtu anayezisoma barua hizo mwaka hata mwaka hana budi kujiuliza ni nani aliyewahi kujenga haraka, mahali pabaya, na kazi yake ikadumu.

Mmoja wao ni Jenerali George Wade, askari wa Uingereza aliyefariki mwaka 1748. Kati ya mwaka 1725 na 1740, akiwa mkuu wa majeshi ya Uskoti, alijenga barabara za kiasi cha maili 250, yaani kama kilometa 400, pamoja na madaraja yapatayo 40, katika nchi ya milima, mvua na vinamasi. Alizijenga kwa ajili ya kuunganisha ngome za kijeshi. Yaliyozipata barabara hizo baadaye, na yaliyompata yeye mwenyewe, ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Asili yake

Wade alizaliwa mwaka 1673 huko Westmeath, nchini Ireland. Babu yake alikuwa ofisa katika jeshi la Cromwell. Kijana George aliingia jeshini mwaka 1690, akiwa na umri wa miaka 17, umri wa mwanafunzi wa kidato cha nne au cha tano hapa kwetu. Mwaka 1692 alipigana Steenkerque, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Baadaye alipelekwa vita vya Ureno na Hispania. Alijeruhiwa Alcántara mwaka 1706, akapigana Almansa mwaka 1707, akashiriki kukiteka kisiwa cha Minorca mwaka 1708, na mwaka 1710 akawa Zaragoza. Hakuna alama yoyote katika miaka hiyo kwamba mtu huyu angekuja kukumbukwa kwa kokoto na mifereji. Alikuwa askari wa miguu aliyepanda cheo baada ya cheo.

Vita vilipokwisha aliingia pia Bungeni, na kuanzia mwaka 1722 hadi kufa kwake alikuwa mbunge wa mji wa Bath. Hakuoa, ingawa aliacha watoto. Alipenda sana kucheza kamari. Huko London alijengewa nyumba iliyosifiwa kwa uzuri wa uso wake na kuchekwa kwa ubovu wa vyumba vyake. Nalitaja hili kwa sababu barabara zake zilikuwa kinyume kabisa cha nyumba hiyo: hazikuwa na uso wa kusifiwa, lakini ndani yake zilikuwa na kitu.

Kwa nini alipelekwa Uskoti

Uskoti na Uingereza ziliungana kuwa dola moja mwaka 1707. Watu wengi wa Nyanda za Juu za Uskoti hawakuupenda muungano huo, wala hawakumpenda Mfalme George wa Kwanza aliyetoka Ujerumani mwaka 1714. Mioyo yao ilikuwa kwa ukoo wa Stuart uliokuwa umeondolewa katika ufalme. Waliasi mwaka 1715, na wengine tena mwaka 1719. Serikali ilijenga kambi nne katika milima yao, lakini askari waliokaa humo walikuwa kama wafungwa, kwa maana hapakuwa na njia ya kuwapelekea chakula, baruti wala msaada.

Mwaka 1724 kiongozi mmoja wa huko, Lord Lovat, alimwandikia Mfalme kumweleza hali mbaya ya nchi hiyo. Mfalme akamtuma Wade aende akaone kwa macho yake. Wade alizunguka, kisha Desemba mwaka huohuo akatoa taarifa. Alikadiria kwamba Nyanda za Juu zilikuwa na wanaume 22,000 wawezao kushika silaha, na kwamba 12,000 kati yao walikuwa tayari kuasi. Alieleza pia kwamba jeshi la serikali haliwezi kufanya lolote katika nchi isiyo na barabara wala madaraja. Akateuliwa mkuu wa majeshi ya Uskoti ili ayafanye yale aliyoyapendekeza. Ndivyo ilivyo mara nyingi serikalini: anayeandika taarifa nzuri hukabidhiwa kazi yenyewe.

Mwaka 1725 alianza kwa kukusanya silaha za koo zilizoshukiwa na kuunda vikosi vya wenyeji vya kulinda nchi. Silaha nyingi alizoletewa zilikuwa kuukuu, zimeliwa na kutu. Zile nzuri zilifichwa. Hapo ndipo alipoanza barabara.

Udongo wenyewe

Wenzangu waliokulia sehemu zenye udongo mweusi wa mbuga wanajua shida ya ardhi isiyobeba mzigo. Udongo wa mbuga hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka. Udongo wa Nyanda za Juu ni wa namna nyingine. Ni kinamasi cha mimea iliyooza nusunusu na kulundikana kwa maelfu ya miaka, nao hunyonya maji kama sifongo. Mtu akikanyaga huzama, farasi akikanyaga huzama zaidi, na mzinga hauwezi kupita kabisa. Kando ya vinamasi hivyo kuna majabali makubwa kama vibanda, na mito inayofurika kwa saa chache.

Wade aliushughulikiaje? Kwanza, alipima njia. Alipenda mstari ulionyooka, kama Warumi wa kale, akaukunja pale tu mlima ulipomlazimisha. Upana uliokusudiwa ulikuwa futi 16, karibu meta 5, ijapokuwa mahali pabaya barabara ilikuwa nyembamba zaidi.

Pili, askari walichimba. Waliondoa udongo laini mpaka wakafikia changarawe ngumu au mwamba, na ule udongo wakaurundika pande mbili ukawa kingo. Ndani ya handaki hilo pana walipanga mawe makubwa chini kabisa. Juu yake walimwaga mawe madogo yaliyovunjwa kwa nyundo ili yajaze nafasi, na mwisho wakatandaza changarawe yenye unene wa futi 2 au zaidi. Majabali waliyapasua kwa baruti, au waliyainua kwa jeki na mitaimbo wakayaviringisha kando. Baadhi ya mawe hayo waliyasimamisha ukingoni mwa barabara, ili msafiri aione njia wakati wa theluji.

Tatu, palipokuwa na kinamasi kirefu ambacho hata ukichimba hufiki mwisho, hawakushindana nacho. Walikata miti na fito, wakazifunga matita, wakayatandika tabaka juu ya tabaka mpaka yakawa kama chelezo. Juu ya chelezo hicho waliweka mawe na changarawe. Barabara ikaelea. Matita yaligawa uzito mahali papana, na fito hizo hazikuoza upesi kwa kuwa hewa haifiki ndani ya kinamasi. Leo wahandisi wa majeshi hutandika vitambaa vya nyuzi za plastiki au mikeka ya madini mepesi juu ya matope ili magari yapite siku hiyohiyo, lakini kanuni ni ileile ya fito za Wade: ardhi isipoweza kubeba mzigo mahali pamoja, usambaze.

Nne, na hili nawaomba wanafunzi walikariri, alishughulikia maji. Upande wa juu wa barabara ulichimbwa mfereji wa kuzuia maji ya mlimani yasiingie, na mahali pengi maji yalivushwa chini ya barabara kwa vijia vya mawe. Barabara haiuawi na magurudumu peke yake. Huuawa zaidi na maji yaliyokaa ndani yake, kisha magurudumu yakaja kumzika marehemu.

Upesi wa kazi

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika majalada yangu nimeona mifano ya kutosha. Lakini kazi ya Wade ilikuwa ya haraka na ikawa na baraka yake, kwa sababu haraka hiyo ilitoka katika mpango, haikutoka katika kuruka hatua.

Wafanyakazi wake walikuwa askari wapatao 500. Walifanya kazi wakati wa kiangazi cha huko, tangu majani yanapochipua hadi mwisho wa Oktoba, wakilala katika kambi zilizosogea pamoja na barabara. Baadhi ya mahali pa kambi hizo paligeuka nyumba za wageni baadaye. Askari wa kawaida alilipwa peni 6 kwa siku. Akiwa barabarani aliongezewa peni 6 nyingine, yaani mshahara mara mbili. Koplo na sajini walipata nyongeza kubwa zaidi. Wade hakutegemea viboko peke yake. Alijua kwamba mtu anayesimama katika maji baridi mpaka kiunoni ataponda mawe vizuri zaidi akiona faida yake.

Tena hakuanza kila mahali kwa wakati mmoja. Kwanza alijenga katika Bonde Kuu, kutoka Fort William hadi Inverness kupitia mahali paitwapo Fort Augustus, kiasi cha maili 60. Hapohapo aliunda merikebu ndogo ya kubebea askari na mizigo katika ziwa Loch Ness. Kisha akajenga kutoka Dunkeld hadi Inverness, zaidi ya maili 100, iliyokamilika mwaka 1730. Halafu ikaja ya kutoka Crieff hadi Dalnacardoch.

Mwaka 1731 ilifika zamu ya ile iliyomletea sifa kubwa kuliko zote: maili 28 kutoka Dalwhinnie hadi Fort Augustus kwa kuuvuka mlima Corrieyairack, ambao njia yake inapanda hadi kiasi cha futi 2,500 kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja wa mlima ni mkali sana, hata barabara ikalazimika kupandishwa kwa kona nyingi zilizopinda huku na huku, kila moja ikishikiliwa na ukuta wa mawe. Barabara yote ilikwisha katika msimu mmoja. Ilipokwisha, askari walichoma maksai wakala kwa furaha kando ya kazi yao.

Daraja maarufu kuliko yote ni lile la Aberfeldy katika mto Tay, lililoanza kujengwa mwaka 1733 kwa ramani ya William Adam. Lina matao matano. Misingi yake ilisimamishwa juu ya miti iliyopigwa ardhini ikiwa na chuma kwenye ncha. Magari yanalipita mpaka leo.

Malalamiko ya wenyeji

Isifikiriwe kwamba wenyeji walishangilia. Wakuu wa koo walinung'unika kwamba sasa wageni wataweza kuingia katika nchi yao wakati wowote, na kwamba madaraja yatawalegeza vijana waliozoea kuvuka mito kwa miguu. Watu wa kawaida walisema kwamba changarawe ilikuwa inawaumiza farasi wao wasiofungwa vyuma vya kwato. Wako waliotembea pembeni, juu ya majani, huku barabara ya Mfalme ikiwa tupu kando yao.

Mimi siwalaumu. Sisi tuliozaliwa katika nchi iliyotawaliwa tunafahamu kwamba mtawala anapochora mstari katika ramani, mara nyingi mstari huo huenda bomani kabla ya kwenda sokoni. Barabara za Wade zilikwenda ngomeni. Uzuri wa msingi wake haufuti nia iliyozijenga. Lakini barabara ina tabia moja ambayo hata jenerali hawezi kuibadilisha: haimwulizi mpitaji ni mtu wa nani.

Mwaka 1745

Tarehe 16 Agosti 1745, makampuni mawili ya askari wa serikali yalikuwa yakielekea Fort William kwa barabara ya Wade. Walipofika Highbridge, daraja alilolijenga mwenyewe katika mto Spean, walikuta kikundi kidogo cha watu wa Nyanda za Juu, kama kumi na wawili hivi, waliokuwa wakipiga kelele na kurukaruka nyuma ya kingo ili waonekane wengi. Askari walirudi nyuma, na baada ya mapigano mafupi wakatekwa. Siku tatu baadaye, Glenfinnan, Mwanamfalme Charles Edward Stuart alipandisha bendera ya maasi.

Serikali ilimtuma Jenerali John Cope kwenda kuyazima. Cope alipanda kaskazini kwa barabara za Wade, akinuia kuuvuka Corrieyairack hadi Fort Augustus. Alipofika Dalwhinnie alipata habari kwamba waasi wamekwisha kuzikalia zile kona za mlimani. Kona zilizojengwa ili mizinga ya serikali ipande zimekuwa mtego wake. Cope akageuza njia, akaenda Inverness. Waasi wakashuka kwa barabara hiyohiyo nzuri, wakakuta njia ya kusini iko wazi, na tarehe 17 Septemba wakaingia Edinburgh. Siku nne baadaye, Prestonpans, jeshi la Cope lilivunjwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, na hapa kisima kilichimbwa na mmoja akaingia mwingine.

Lakini Wade naye hakusalimika. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 72, tena tangu mwaka 1743 alikuwa na cheo cha juu kuliko vyote katika jeshi la Uingereza. Alipewa jeshi huko Newcastle, pwani ya mashariki ya kaskazini mwa Uingereza. Waasi walipoizingira Carlisle, upande wa magharibi, Wade alitoka tarehe 16 Novemba kwenda kuuokoa mji huo. Kati ya miji hiyo miwili hapakuwa na barabara ya kubeba mizinga. Theluji ilianguka, askari wakaganda, magari yakakwama. Alifika Hexham tu, kiasi cha theluthi moja ya safari, akapata habari kwamba Carlisle imekwisha kuanguka. Akageuka akarudi. Waasi waliendelea kusini hadi Derby.

Tazama jambo hili, ndugu msomaji. Mtu aliyeifungulia barabara nchi ya milima na vinamasi alishindwa kuvuka nchi yake mwenyewe kwa kukosa barabara. Miaka 15 alikuwa ameihubiria serikali kazi hiyo kwa vitendo, na serikali ikaamini kwamba barabara ni dawa ya nchi za mbali zenye matata, si ya nyumbani.

Mwisho wake

Wade aliondolewa katika uongozi wa vita, na Mwanamfalme William Augustus wa Cumberland ndiye aliyeyamaliza maasi pale Culloden tarehe 16 Aprili 1746. Ushindi huo ulifuatiwa na ukatili mkubwa kwa watu wa Nyanda za Juu. Lord Lovat, ambaye barua yake ndiyo iliyomleta Wade Uskoti, alipatikana na hatia ya kuungana na waasi, akakatwa kichwa mwaka 1747. Cope naye alifikishwa mbele ya baraza la maofisa kueleza kushindwa kwake. Mwenyekiti wa baraza hilo alikuwa Wade. Walimwona Cope hana hatia. Sidhani kama kulikuwa na mtu katika ufalme wote aliyeweza kuielewa vizuri zaidi habari ya zile kona za Corrieyairack.

Wade alifariki mwezi Machi 1748, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Mwaka 1751, miaka mitatu baada ya kifo chake, Bunge lilipitisha sheria ya kujenga barabara ya kijeshi kutoka Newcastle hadi Carlisle. Mahali pengi ilipitishwa juu ya ukuta wa kale wa Warumi, na mawe ya ukuta huo yakapondwa kuwa msingi wake. Watu wengi huihesabu kuwa ni barabara ya Wade, ingawa hakuijenga. Uskoti nako kazi iliendelezwa na William Caulfeild, aliyekuwa msaidizi wake, naye akajenga nyingi zaidi kuliko mkubwa wake. Hata hivyo watu wanalikumbuka jina la Wade.

Barabara zake hazikuwa na ukamilifu. Baadhi zilipanda mno hata magari ya farasi yakashindwa, na lile handaki la kingo mbili lilijaa theluji. Mwanzoni mwa karne ya 19 wahandisi wengine, wakiongozwa na Thomas Telford, walichora njia mpya zenye miteremko ya wastani. Lakini sehemu nyingi zilifuata mstari wa Wade, na mahali pengine wapanda milima wa leo bado wanatembea juu ya mawe yaliyopangwa na askari wake.

Neno kwa wanafunzi

Wadogo zangu mlioko madarasani, baadhi yenu mtakuwa wahandisi, wengine mtakuwa wahasibu, na wengine mtakaa ofisini kama mimi mkipitisha majalada ya kazi za wenzenu. Siku moja mtaletewa karatasi inayosema kwamba mfereji uondolewe katika mpango ili kazi imalizike kabla ya sherehe, au kwamba tabaka la mawe ya chini lipunguzwe kwa kuwa halionekani. Mkumbukeni huyu mzee. Watu wake walimaliza maili 28 za mlimani katika msimu mmoja bila kuyaruka mawe ya chini.

Na jambo la pili mlikumbuke pia. Anayejenga hawezi kujua ni nani atakayekuja kuitumia kazi yake, wala kwa nia gani. Wade aliwajengea askari, wakapita waasi. Baada yao wakapita wachunga ng'ombe, wafanyabiashara, wagonjwa na watoto wa shule. Nia ya aliyemtuma imekwisha kuzikwa pamoja naye. Kinachopitwa mpaka leo ni daraja la Aberfeldy.